Diski inayochomekwa muda wote si nakala: kwa mawakili wenye ofisi ndogo

Chukua ofisi ya wakili mmoja na karani wake: vyumba viwili, kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato na printa. Humo kwenye kompyuta mna hati za madai, viapo, mikataba ya mauziano ya viwanja, wosia za watu walio hai na hati miliki zilizoskaniwa. Karani ni mtu makini. Alinunua diski ya nje, akaipanga inakili mafaili yenyewe kila jioni, na tangu siku hiyo haijawahi kuchomolewa.

Jumatatu asubuhi anafungua kiapo kinachotakiwa kusajiliwa mahakamani siku hiyohiyo. Kinagoma. Anatazama vizuri na kukuta kila faili limeongezewa herufi ngeni mwishoni mwa jina, na ndani ya folda kuna barua ya kudai pesa. Anakimbilia diski ya nje. Herufi ni zilezile.

Programu za kufunga mafaili ili kudai pesa hazitofautishi jalada na nakala yake. Diski yoyote ambayo kompyuta inaiona, nazo zinaiona, pamoja na folda ambazo ofisi inachangia kwa njia ya mtandao. Ndiyo maana ninapoulizwa na mawakili wanunue diski gani, mimi huuliza kwanza inachomolewa saa ngapi.

Tarehe 27 Juni 2017 shambulio la aina hii lililoitwa NotPetya lilianzia Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu, likasambaa nchi nyingi ndani ya saa chache. DLA Piper, kampuni ya mawakili yenye ofisi katika nchi nyingi, ilijikuta bila barua pepe wala simu. Kwa kampuni ya meli ya Maersk, seva (kompyuta kuu) zilizotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa zikinakiliana, kwa hiyo ziliharibika kwa pamoja. Ilipona moja tu, ya ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika pale na seva ilikuwa imezimika. Kampuni ilijijenga upya kutokana na hiyo moja. Na waliolipa pesa hawakupata kitu, maana programu yenyewe haikuwa na namna ya kuyafungua mafaili iliyoyafunga.

Wewe huna haja ya kusubiri umeme ukatike. Nunua diski mbili za nje. Moja ikae ofisini ndani ya droo yenye kufuli, nyingine ikae nyumbani au mahali pengine salama, na kila Ijumaa zibadilishane. Karani anachomeka, ananakili, anachomoa. Moto ukiwaka au mwizi akivunja mlango, ya pili iko mahali pengine.

Hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive au OneDrive inafaa kuwa nakala ya tatu, ila ijue tabia yake. Ikiwa imeunganishwa na folda ya kompyuta, ukifuta huku inafuta na kule. Kilichofutwa kwenye Google Drive hukaa kwenye kapu la taka siku 30, kisha kinaondoka. Kwa ofisi ya sheria huo ni muda mfupi mno. Shauri likiahirishwa kwa miezi minne, jalada lililofutwa kwa bahati mbaya mwanzoni mwa miezi hiyo litakuja kutafutwa wakati halipo popote. Washa pia uthibitisho wa hatua mbili, ili nenosiri lililoibwa peke yake lisimfungulie mtu mlango.

Diski inayosafiri kwenye mkoba, ndani ya daladala, lazima ifungwe kwa nenosiri. Windows toleo la Pro lina BitLocker, programu ya kufunga diski. Asiye nalo anaweza kutumia VeraCrypt, nayo ni bure. BitLocker hukupa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi, uweke mahali tofauti na diski. Sheria ya Ushahidi inalinda siri kati ya wakili na mteja wake, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Mteja aliyekueleza ugomvi wa mirathi ya baba yake hakutarajia maneno yake yaokotwe kwenye kiti cha basi.

Hapa niseme jambo linaloniumiza kila nikilikuta: stesheneri. Printa ya ofisi imeisha wino, karani anabeba flashi, au anatuma kiapo kwa WhatsApp kwenye namba ya duka. Hati inachapwa, inalipiwa, na faili linabaki pale kwenye kompyuta ambayo kila mtu mtaani anaitumia, likiwa na jina la mteja, anwani yake na saini. Flashi nayo inarudi ofisini na virusi vya duka zima. Kama hakuna njia nyingine, peleka PDF kwa flashi isiyo na kitu kingine, simama hapo mpaka faili lifutwe hadi kwenye kapu la taka, na flashi ikaguliwe na antivairasi kabla ya kufunguliwa ofisini.

Kuhusu programu za wizi, zisizo na leseni, ambazo fundi huziweka kwa bei poa: mara nyingi yeye huanza kwa kuzima antivairasi ili ziingie. Usikubali. Na kama kompyuta bado ina Windows 10, Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo panga kuhamia toleo jipya.

Wiki hii chagua jalada moja la shauri lililokwisha. Mwambie karani alirudishe kutoka kwenye diski hadi kwenye kompyuta tofauti, afungue hati ya kwanza na ya mwisho, na atazame kama kurasa zilizoskaniwa zinasomeka. Likikataa kufunguka leo, kompyuta yako bado ni nzima na unaweza kunakili upya.