Maganda ya mabuyu na dawa iliyomo kwenye majitaka

Mtu akijipaka jeli ya diklofenaki, dawa ya maumivu, gotini usiku, ngozi hupitisha kiasi kidogo tu. Nyingine inabaki kwenye shuka, nyingine anaioga asubuhi, na akiwa mjini Dodoma kwenye mtandao wa majitaka, inashuka na bomba hadi mabwawa ya kusafishia majitaka ya Swaswa. Aliyemeza kidonge naye hutoa sehemu ya dawa kwa mkojo. Mabwawa ya aina hii yalibuniwa kwa ajili ya vijidudu na uchafu unaooza. Dawa haikuwamo kwenye hesabu.

Ndiyo maana nachoma maganda ya mabuyu: mkaa wake naujaribu kuchuja dawa hiyo majini. Ubuyu ukishatolewa, ganda hutupwa au huingia jikoni, na mimi naliokota kwa furaha kweli, maana ni gumu na mkaa wake hausagiki ovyo majini. Nalivunjavunja, nalilowesha usiku kucha kwenye asidi ya fosforiki, kisha nalichoma tanurini bila hewa, nyuzi 500 za Selsiasi. Halafu kuosha, kuosha, mpaka asidi iishe. Asidi ndiyo inayochimba vitundu: gramu moja ya mkaa mzuri wa namna hii, ukitandaza kuta za vitundu vyake vyote, hupita mita za mraba 500. Dawa hunata kwenye kuta hizo.

Katika maji safi ya maabara matokeo hupendeza. Nawasihi wanafunzi wangu wasiishie hapo. Maji ya bwawa ni ya kijani. Jua likiwaka, mwani hula kabonidioksidi na pH, kipimo cha asidi ambacho hupanda asidi ikipungua, hupanda, pengine ikapita 9. Diklofenaki, kuanzia pH ya 4 na ushee, huachia protoni, chembe yenye chaji chanya, na kubaki na chaji hasi. Uso wa mkaa nao katika maji hayo huwa hasi. Hasi kwa hasi husukumana. Kinachoishika dawa hapo ni pete zake mbili za kaboni, zinazolala bapa juu ya mkaa, tena zikigombea nafasi na mabaki ya mwani yaliyowahi kufika.

Kwa hiyo nachota chupa mbili, bwawa lile lile: moja alfajiri, moja saa nane mchana. Mkaa ukishindwa ile ya saa nane, siujazi kwenye pipa la kuchujia, hata kama kwenye maji safi ulifanya maajabu.

Wakulima wa bustani wameniuliza kama mkaa ulioshiba unafaa kwenye matuta ya mchicha. Hapana, ndugu zangu. Huo umebeba dawa. Unarudi motoni, moto mkali, mpaka dawa yenyewe iungue.