Mvunjiko wa mfupa baada ya kubadilishiwa nusu ya goti

Goti lina sehemu tatu zinazosuguana: ya ndani, upande ambao magoti mawili yanatazamana, ya nje, na ya mbele, nyuma ya pia ya goti. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, likilika sehemu moja tu, mara nyingi ile ya ndani, daktari mpasuaji anaweza kubadilisha hiyo peke yake. Ncha ya mfupa wa paja hufunikwa kwa chuma, bamba jingine hulazwa juu ya mfupa wa muundi, na katikati huwekwa plastiki ngumu. Hiyo ndiyo nusu ya goti.

Mvunjiko tunaouzungumzia ni ufa kwenye mfupa unaobeba chuma hicho, na karibu kila mara ni muundi. Chuma chenyewe kinabaki kizima. Kinachopasuka ni kilicho chini yake.

Ukitaka kuelewa sababu, mtazame seremala wa Kadutu, mtaa wa mji wetu wa Bukavu, Kongo, akishika ubao wa kalitusi. Hapigi misumari mitatu kwenye mstari mmoja wa nyuzi, maana anajua utapasuka kutoka tundu hadi tundu. Muundi nao ni hivyo. Kifaa kinachouongoza msumeno hushikizwa mfupani kwa pini, na kila pini huacha tundu. Matundu yakizidi, au yakikaribia ukingo wa ndani, ufa umepata njia. Lakini mimi naogopa zaidi ule mkato wa wima, unaoshuka kwenye muundi ili kuandaa mahali pa bamba: msumeno ukishuka milimita chache kupita kiasi, hasa kwa nyuma, kile kipande cha ndani kinabaki kimeshikwa na mfupa mdogo tu. Halafu kuna nyundo, kwa sababu bamba lina ukingo unaogongwa uingie kwenye mfereji uliochongwa. Mwenye muundi mdogo, au mama mwenye umri ambaye mifupa yake imeanza kuwa myepesi, yuko hatarini kuliko wengine.

Si jambo la kila siku. Wengi waliofanyiwa upasuaji huu hawalipati kamwe. Likija, huja mapema, kwa kawaida ndani ya miezi 3 ya kwanza, na mara nyingi bila mtu kuanguka.

Mama mdogo wangu, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, alipasuliwa nje ya nchi akarudi Bukavu akiendelea vizuri. Wiki ya tatu aliacha gongo moja. Wiki ya tano, akishuka ngazi za udongo kuelekea sokoni, alihisi kitu kikimchoma chini kidogo ya goti, upande wa ndani, mahali unapoweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Jirani akamwambia, “Dada, hiyo ni baridi tu, tukukande na maji ya moto.” Alikandwa siku nne. Tulipompeleka kupiga radio, yaani picha ya eksirei, tuliona mstari mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye kona ya bamba na kushuka ndani ya mfupa.

Maumivu yaliyokuwa yanapungua kisha yakarudi ghafla si ya kukanda, wala si ya kupelekwa kwa fundi wa kuunga mifupa. Acha kuukanyagia mguu huo, rudi kwa daktari. Radio ya kwanza inaweza isionyeshe kitu. Maumivu yakiendelea, omba irudiwe, au skana, picha inayoonyesha mfupa kwa undani zaidi.

Matibabu yanategemea kama kipande cha mfupa kilichopasuka kimehama. Kikiwa mahali pake na bamba halijalegea, magongo na subira vinaweza kutosha, huku radio zikirudiwa. Kikianza kuteleza, hufungwa kwa bamba la pembeni na skrubu. Chuma kikishalegea, mara nyingi goti lote hubadilishwa, kwa chuma chenye mguu mrefu unaoshuka ndani ya muundi kupita pale palipopasuka.

Kipande cha mama mdogo hakikuhama. Alitembelea magongo mawili kwa miezi miwili, na binti yake ndiye aliyekuwa akiuza sambaza.