Dege, sindano na dafu: kwa nini mtafiti wa afya Bagamoyo huanza na majina ya maradhi

Bibi mmoja wa Magomeni, hapa Bagamoyo mjini, alinionyesha kifundo cha kitambaa cheusi alichokuwa akimvalisha mjukuu wake shingoni. Kilikuwa kidogo kama kokwa ya tende, kimeshonwa kwa uzi mweusi, na harufu yake ilinifikia kabla sijakishika: mvuje.

"Hiki cha dege," aliniambia. "Likipita usiku wa mbalamwezi, kivuli chake kikimwangukia mtoto, basi. Macho juu, mikono inakakamaa, povu linamtoka. Sasa mwanangu, ugonjwa kama huo unaupeleka hospitali ukafanye nini?"

Mimi ni mtafiti wa mambo ya jamii katika taasisi ya afya. Kazi yangu ni kukaa na watu barazani, kuwasikiliza wanavyoyaeleza maradhi yao, kabla wenzangu wa maabara hawajafika na vipimo. Swali la bibi yule naliona ndilo kiini cha kazi yetu yote, na ndilo ninalotaka kulijibu hapa kwa faida ya wazazi na walezi, na pia mashekhe, mapadri na waganga, ambao mara nyingi hupelekewa mtoto kabla yetu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wilaya yetu ilikuwa na mradi wa vyandarua vilivyotiwa dawa, katika vijiji vya tarafa ya Yombo. Watafiti wa Muhimbili waliuendesha wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani. Jambo moja walilolifanya vizuri ni kuuliza majina. Hawakumuuliza mama, "Mtoto wako aliugua malaria?" Walimuuliza aliugua nini, ugonjwa huo unaitwaje, unatokana na nini, na unatibiwa wapi. Majibu yalichapishwa mwaka 1996, na mpaka leo sijaona somo kubwa kuliko lile kwa mtu anayetaka kutoa elimu ya afya katika pwani yetu.

Waligundua kwamba kwa wakazi wengi, "homa ya malaria" ulikuwa ugonjwa wa kawaida. Unaumwa kichwa, viungo vinachoka, unakwenda zahanati, unameza vidonge, unapona. Degedege lilikuwa jambo jingine kabisa: la mtoto mdogo, la ghafla, la shetani anayekuja kwa umbo la ndege. Homa ya malaria ilikuwa ya hospitali. Degedege lilikuwa la mganga.

Fikiria basi bango lililobandikwa kwenye ukuta wa zahanati enzi hizo, "Malaria inaua". Mama analisoma, analielewa kila neno, na anakubaliana nalo. Usiku mwanawe anakakamaa mikononi mwake, na bango lile halimjii akilini hata kidogo, kwa sababu anachokiona mbele yake hakiitwi malaria. Anamfunga kanga, anambeba, anakwenda kwa fundi, yaani mganga. Mama huyo hakupuuza elimu. Elimu ndiyo iliyotaja ugonjwa mwingine.

Kitabibu, degedege ni dalili. Ubongo wa mtoto, hasa wa chini ya miaka mitano, unaweza kushtuka kwa joto kali la mwili, na hapo misuli hukaza na kutetemeka bila mtoto kujitawala. Homa ya aina yoyote inaweza kulileta. Lakini panapokuwa na malaria nyingi, wa kwanza kumshuku ni kijidudu cha malaria kinachoambukizwa na mbu jike wa Anofelesi. Aina ya kijidudu hicho iliyo hatari zaidi huzifanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye kuta za mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Sukari ya mwilini hushuka, damu hupungua, na fahamu hupotea. Homa ya uti wa mgongo nayo huweza kuja kwa sura hiyohiyo, na mzazi hana namna ya kuzitofautisha kwa macho.

Hapa naomba tusiende haraka, maana ndipo watu wetu wanapoonewa. Mara nyingi husemwa kwamba wanaompeleka mtoto kwa mganga ni wajinga. Sikubali. Degedege nyingi za homa hukatika zenyewe ndani ya dakika chache. Katika dakika hizo mtoto atafukizwa ubani, au kinyesi cha tembo kama kimepatikana, ataogeshwa maji ya majani, atasomewa. Degedege linakatika. Aliyekuwapo ameona kwa macho yake: dawa imefanywa, mtoto ametulia. Kesho akikwambia moshi unatibu, anakusimulia alichokishuhudia. Kasoro ni kwamba kijidudu hakikukatika pamoja na degedege. Kimebaki kwenye damu kinaendelea kuzaana, na mtoto aliyetulia saa mbili usiku anaweza kuwa hajitambui alfajiri.

Ndipo linapokuja suala la sindano. Imani kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa imeenea pwani na hata bara. Nimekutana na akina mama waliomficha muuguzi kwamba mtoto alidegeduka, kwa kuogopa sindano hiyo tu. Nayo imani hii haikuzuka hewani. Mtoto alianzia kwa fundi, akakaa siku moja au mbili, akafikishwa hospitali akiwa hoi. Akachomwa sindano, akafa. Ukoo mzima ukaona mpangilio wa mambo: kwa fundi alikuwa hai, sindano ikaingia, mtoto akaondoka. Kilichomuua ni saa zilizopotea, lakini saa hazionekani, na sindano inaonekana. Leo tiba ya malaria kali ni sindano ya atesuneti, na ndiyo inayookoa watoto wengi zaidi kuliko dawa zilizoitangulia. Mzazi anayeikataa anakataa dawa yenyewe.

Mwendo wa fikra wa namna hiyo utaukuta pia kwenye dafu. Mtoto wa kiume wa pwani yetu, kuanzia Tanga mpaka Lindi, amekua akiambiwa madafu mengi yanaleta busha. Wazee waliona nini? Waliona kwamba penye minazi pana mabusha na matende, na huko bara kusiko na mnazi, hayaonekani sana. Waliona sawasawa. Ila kinachounganisha viwili hivyo ni joto na unyevu wa pwani vinavyowafaa mbu, na mbu ndio wanaobeba minyoo midogo inayoziba njia za maji ya mwili, mguu ukavimba au korodani zikajaa maji. Dafu halina kosa lolote. Hata hivyo, nilipowahi kuwauliza vijana wa mwalo kwa nini hawakumeza dawa za kinga ya matende tulizogawa, mmoja alinijibu kwa upole kabisa: "Mimi madafu sinywi." Kwa hesabu yake alikuwa tayari amejikinga.

Utafiti wa matende una kisa chake kingine, nacho kinatuhusu sisi watafiti wenyewe. Vimelea vya ugonjwa huo hujitokeza kwa wingi kwenye damu ya juu wakati wa usiku, kama kuanzia saa nne hadi saa nane. Kwa hiyo kwa miongo mingi watafiti wa kituo cha Amani, kule Muheza mkoani Tanga, na wengine waliowafuata, iliwabidi kuingia vijijini usiku na taa, kutoboa watu vidole. Mswahili yeyote anajua neno lililokuwa likiwasubiri huko: mumiani. Anayekuja gizani kutafuta damu ya watu anaitwa hivyo tangu enzi za ukoloni, na mtafiti mwenye chupa mkononi hawezi kulifuta jina hilo kwa kuonyesha kitambulisho. Analifuta kwa kuja mchana kwanza, kukaa, kueleza damu inakwenda wapi na inarudi na jibu gani. Nasema inarudi kwa makusudi. Damu ikichukuliwa na majibu yasirudi, mimi mwenyewe siwezi kumlaumu anayenong'ona.

Watoto wa Bagamoyo, na wa Korogwe kule Tanga, walikuwa miongoni mwa zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika walioshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya 2009 na 2014. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza chanjo hiyo Oktoba 2021. Wazazi wa hapa walitoa watoto wao, wakahudhuria kliniki miezi na miaka, na leo watoto wa nchi wasizozijua wanachanjwa. Ningependa jambo hilo lisemwe misikitini na makanisani kwa fahari, kama tunavyosema habari za mji wetu mkongwe.

Nimetaja misikiti na makanisa kwa sababu hapa Bagamoyo dini na ustawi wa watu havijawahi kutengana. Magofu ya msikiti wa Kaole ni ya tangu karne ya 13. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika mwaka 1868 walianza na watumwa waliokombolewa, wakawapa mahali pa kuishi, shule na ufundi. Upande wa Waislamu tuna habari ya Shekhe Yahya bin Abdallah, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Shekhe Ramia. Aliletwa pwani kama mtumwa kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akasoma, akawa kiongozi mkubwa wa Kadiria, tarika (udugu) ya Kisufi, hadi alipofariki mwaka 1931. Tarika iliwapokea watu ambao hawakuwa na ukoo wa kuwazika. Mtu aliyeng'olewa kwao alipata ndugu wa zikri, na ndugu hao ndio waliomuuguza akiugua na kumsitiri akifa.

Kwa hiyo mama wa Bagamoyo anapompeleka mwanawe kwa mwalimu wa chuo cha Kurani asomewe, au anywe kombe (maji yaliyooshea maandishi ya aya), hakwepi hospitali tu. Anakwenda kwa watu wake. Nimewahi kushuhudia mpango wa afya ambao viongozi wa dini waliitwa siku ya Alhamisi, wakapewa karatasi, wakaambiwa waisome Ijumaa na Jumapili. Basi. Hawakuulizwa wanaletewa wagonjwa wangapi, wa namna gani, na wanawafanyia nini. Nadhani hilo ni kosa kubwa. Mwalimu anayeamshwa usiku wa manane na mama mwenye mtoto anayetetemeka ana habari ambazo sisi hatuna, na anahitaji kupewa ujuzi wa kutambua hatari, kama anavyopewa mhudumu wa afya wa kijiji.

Wala dini zenyewe hazituzuii. Muislamu amefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hakushusha ugonjwa ila ameuteremshia dawa, na kwamba ngamia hufungwa kwanza ndipo mtu akamtegemea Mungu. Mkatoliki anasoma katika Yoshua bin Sira, sura ya 38, kwamba tabibu aheshimiwe, na kwamba dawa zimetoka ardhini kwa amri ya Bwana. Na kwa upande wa waganga, tunayo Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayowatambua. Tanga walitutangulia: kikundi cha Tanga AIDS Working Group (TAWG) kimeonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba mganga na daktari wa hospitali wanaweza kupelekeana wagonjwa wa Ukimwi bila mmoja kumdharau mwenzake.

Neno lenyewe la degedege hatuhitaji kulifuta. Tazama pepopunda. Jina lile lina pepo ndani yake, lakini kila mjamzito anakwenda kliniki kuchoma chanjo ya pepopunda na hakuna anayeuliza habari za pepo. Neno limebaki, ugonjwa umehamia hospitali. Degedege nalo limo tayari katika dalili nne za hatari ambazo wahudumu hufundishwa kuziuliza kwa kila mtoto mgonjwa: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, amepoteza fahamu au amelegea mno, amepata degedege. Moja tu ikitokea, hata kama imeshapita, mtoto anatakiwa kituo cha afya saa hiyohiyo.

Akidegeduka mikononi mwako, mlaze ubavu ili mate na matapishi yatoke. Mlegeze nguo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe maji, dawa wala kombe, maana vitaingia kwenye mapafu. Usimbane mikono na miguu. Safari ianze mara moja, usingoje kuche. Ukifika, mweleze mhudumu kila alichofanyiwa nyumbani na alichopewa, bila kuona haya. Na wewe mhudumu, ukiambiwa mtoto alipitia kwa fundi, usimkaripie mama huyo. Ukimkaripia leo, mama mwingine ataficha.

Bibi wa Magomeni nilirudi kumwona baada ya masika. Mjukuu alikuwa amepata dege tena, usiku, na mvua ilikuwa kubwa. Alinieleza kwa utaratibu, akihesabu kwa vidole: alimlaza ubavu, akamvua fulana, akamgongea kijana wa bodaboda wa jirani, wakamfunika mtoto kwa turubai mpaka hospitali. Alipimwa, malaria ikaonekana, akatundikiwa dawa.

"Na hirizi?" nilimuuliza.

"Nilimvalisha njiani," alisema. "Nesi aliisogeza pembeni kidogo apate kumsikiliza kifua, akairudisha."

Mtoto mwenyewe alikuwa uani, anafukuza kuku.