Loko: Ua la Nyandani Linalowatia Mifugo Wazimu

Katika nyanda za majani za magharibi mwa Marekani, kuanzia Wyoming na Colorado hadi New Mexico, humea mimea ya jamii ya mikunde inayoitwa loko, jina lililotokana na neno la Kihispania lenye maana ya kichaa. Chini ya jina hilo zimo spishi kadhaa za Oxytropis na Astragalus. Mojawapo iliyoenea sana, Oxytropis sericea, hutoa maua meupe, na majani yake yenye vinyweleo vya rangi ya fedha huchipuka chini kabisa, kana kwamba hauna shina. Ukilishika ua na kulitazama kwa makini, utaona petali mbili za chini zimeungana na kuchongoka mfano wa mdomo wa ndege. Astragalus haina ncha hiyo.

Sumu ya loko ni swainsonini, ambayo haitengenezwi na mmea wenyewe, bali na kuvu anayeishi ndani yake na kurithishwa kupitia mbegu, bila mmea kuonyesha dalili yoyote. Swainsonini huzuia kimeng'enya kinachovunja sukari za aina fulani ndani ya seli, nazo hulundikana hata seli za ubongo, zikitazamwa kwa hadubini, zikaonekana zimejaa matundu kama povu. Sumu hiyo hiyo imo pia katika Ipomoea carnea, kichaka chenye maua ya waridi cha jamii ya kiazi kitamu, ambacho kimewahi kuwadhuru mbuzi nchini Msumbiji.

Kinachowapotosha wafugaji ni muda. Mnyama hadhuriki kwa kula mafungu mawili matatu. Hudhurika akiendelea kula kwa wiki kadhaa, na dalili zinapojitokeza madhara huwa yamekwishaingia. Hukonda, macho hufifia, huyumba, na huweza kuinua miguu juu kupita kiasi anapovuka hata kijiti kilicholala chini. Wenye mimba huitupa, na ndama hupata sumu kupitia maziwa ya mama.

Dawa ya kuiondoa sumu hii haijapatikana, kwa hiyo kinga yote imo katika kalenda ya malisho. Loko huwa kijani mapema katika majira ya kuchipua, wakati nyasi nyingi bado ni kavu, na hapo ndipo mifugo huivamia. Ni vyema kuwaweka kwingine mpaka nyasi zistawi. Mnyama aliyekwisha kuizoea atolewe mara moja, kwa sababu wenzake humwiga. Kuukata na kuukausha mmea hakusaidii, kwani sumu hubaki hata katika majani makavu.

Ng'ombe aliyeondolewa mapema huweza kurudisha uzito wake. Farasi ni suala jingine: hata akinenepa tena na kupendeza machoni, huweza kushtuka ghafla bila sababu na kumwangusha aliyempanda, na kwa maoni yangu hafai tena kutandikwa.