Nani aingie kwenye kundi? Kupokea wanachama wapya katika jumuiya za gemu za mtandaoni

Vijana wa Mtwara Mjini, Masasi na Lindi wanaocheza gemu za mtandaoni wamejiundia makundi yao wenyewe: klani za Clash of Clans, vikosi vya Free Fire na PUBG Mobile, seva ya Minecraft (kompyuta ya mtandaoni inayoendesha gemu ya kundi) inayolipiwa kwa michango ya marafiki, na karibu kila kundi lina grupu la WhatsApp au Discord (programu ya mazungumzo inayotumiwa sana na wachezaji) pembeni. Hayana msajili wala katiba yenye mhuri. Yana maadmini, yana desturi, na yana ugomvi. Sisi tunaotoa elimu ya usalama wa mtandao katika mikoa hii tunapoitwa kusuluhisha, swali la kwanza huwa lilelile: huyu mgeni aliingiaje, na nani alimruhusu?

Wengi wakishaumwa na mgeni mmoja hukimbilia kukaza mlango. Inatungwa fomu ndefu, unawekwa usaili wa sauti, inadaiwa picha ya uso, namba ya NIDA na kiingilio cha elfu mbili. Kwa maoni yangu, nguvu hiyo inapotea bure. Mwenye nia mbaya ndiye atakayefaulu usaili vizuri kuliko wote, maana yeye amejiandaa. Kundi linalindwa zaidi kwa kupima madaraka anayopewa mtu baada ya kuingia, na haraka anayopewa nayo.

Ushahidi wa hili uko wazi katika EVE Online, gemu ya anga za juu ya kampuni ya CCP ya Iceland iliyoanza mwaka 2003. Humo wachezaji huunda makampuni na miungano yao, na wenye gemu huwaachia wachezaji siasa zao, usaliti ukiwemo. Mwaka 2005 kundi la mamluki liitwalo Guiding Hand Social Club lilijipenyeza kwenye kampuni ya wachezaji wengine. Watu wao waliomba uanachama kama waombaji wote, wakatumikia kwa uaminifu miezi mingi, wakapandishwa vyeo hadi kumkaribia mkuu mwenyewe. Siku waliyoichagua wakamgeuka, wakaiteketeza meli yake na kuzoa mali zilizokuwa ghalani. Februari 2009 ikawa zamu ya Band of Brothers, muungano uliokuwa ukiogopwa. Mkurugenzi wake mmoja aliamua kuhamia kwa wapinzani. Cheo chake kilimruhusu kuuvunja muungano peke yake, naye akauvunja. Fomu ya kujiunga isingemnasa huyo. Alikuwa mwenzao.

Tuje kwenye simu zetu. Klani ya Clash of Clans haizidi watu 50, na inaweza kuwekwa wazi kwa yeyote, kwa idhini, au kufungwa kabisa. Mgeni huanza akiwa mwanachama wa kawaida asiyeweza kumfukuza mtu. Juu yake kuna mzee, kisha kiongozi msaidizi, kisha kiongozi. Msaidizi ana uwezo wa kuwafukuza wanachama na wazee, na kubadili mipangilio ya klani. Maana yake msaidizi mmoja aliyekasirika anaweza kuisafisha klani karibu yote kabla hakujakucha. Pamoja na hayo, cheo hicho hutolewa kama pipi: jamaa kaingia juzi, ana jeshi kali, kawachangia wenzake bando, basi kesho ni msaidizi.

Pangeni kipindi cha uangalizi na kiandikwe. Wiki nne zinatosha kwa makundi mengi. Katika muda huo mgeni anacheza, anachangia mazungumzo, anafahamika, lakini haongezi watu, hafukuzi mtu, hashiki hela ya seva wala nenosiri la akaunti ya pamoja. Kwenye seva ya Minecraft toleo la Java mnaweza kuwasha orodha ya walioruhusiwa, na asiyekuwemo haingii. Orodha hiyo huitambua akaunti kwa namba yake ya kudumu, hivyo mliyemtoa hawezi kurudi kwa kubadili jina tu. Kumwandika mtu kwenye orodha ni jambo moja. Kumpa mamlaka ya kuendesha seva ni jambo jingine, na mambo haya mawili yasifanywe siku moja. Discord nayo inaruhusu mgeni azuiwe kuandika mpaka athibitishe barua pepe, akae dakika 10 ndani ya kundi, au athibitishe namba ya simu. Dakika 10 zinaonekana utani, lakini zinapunguza maroboti ya matangazo. WhatsApp ina mpangilio wa admini kuidhinisha kila anayeingia kwa linki, na linki iliyosambaa hovyo inaweza kufutwa ikatengenezwa nyingine. Minada ya korosho inapoanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, hela zikaingia vijijini na simu mpya zikanunuliwa, ndipo linki hizi husambaa kuliko wakati wowote. Wakaguliwe hasa wanaoingia msimu huo.

Elinor Ostrom, Mmarekani aliyeshiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza jinsi wavuvi, wakulima wa umwagiliaji na wanavijiji wenye misitu wanavyosimamia mali ya pamoja wao wenyewe. Makundi yaliyodumu yalijua bayana nani ni wa ndani na nani si wa ndani, waliobanwa na kanuni walishiriki kuzitunga, na adhabu zilianza ndogo kisha zikapanda. Wavuvi wa Kilwa walio kwenye vikundi vya kusimamia rasilimali za bahari hawataona jipya hapo. Kundi la gemu nalo lina mali ya pamoja: nafasi 50, seva, jina lake, na amani ya mazungumzo. Kwa hiyo uamuzi wa kupokea mtu usiwe wa admini mmoja aliye macho saa nane usiku. Wawili watatu wakubaliane, na aliyemleta mgeni asiwe miongoni mwa wanaoamua.

Mnaweza kumuuliza nini? Jina la kwenye gemu, saa anazopatikana, anayemfahamu humo ndani, na kama ametimiza miaka 18 au la. Inatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zisizidi mahitaji ya lengo hilo. Picha ya kitambulisho cha NIDA haina kazi kwenye klani. Ikishakaa kwenye simu ya admini, siku simu hiyo ikiibwa au ikiuzwa, tapeli anapata jina kamili, namba na sura ya mtu, na kwa hayo anaweza kujifanya ofisa wa benki au wa mtandao wa simu akaaminika.

Wasichana hutuambia kwamba sharti la kutuma picha au sauti ndilo linalowarudisha nyuma. Liondoeni. Tena mtandaoni hujui nani wa kumwamkia shikamoo. Anayeitwa Simba wa Ligula anaweza kuwa mtoto wa darasa la sita. WhatsApp na Discord zinamtaka mtumiaji awe na angalau miaka 13, na kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Kundi la watu wazima lenye watoto ndani lazima liwe na kanuni juu ya mazungumzo ya faragha kati ya mkubwa na mdogo, au liamue kutowapokea watoto kabisa. Njia zote mbili ni halali. Kufumba macho ndiko kusikokubalika.

Kigezo cha simu nzuri na intaneti ya kasi kinafaa kwa kikosi cha mashindano tu. Kwenye jumuiya ya kawaida kitamfungia nje kijana wa Tandahimba mwenye simu ya mkopo, wakati yeye pengine ndiye mchezaji mtulivu kuliko wote.

Mkimkataa mtu, mwambieni sababu kwa sentensi moja na lini anaweza kuomba tena. Msimjadili kwenye grupu.

Yapo masharti ambayo mwombaji akiyasikia aondoke mara moja. Kuombwa namba ya tarakimu sita iliyoingia kwenye SMS, eti ili uunganishwe kwenye grupu, ni njia ya kukunyang'anya WhatsApp yako. Kuombwa nenosiri la akaunti ya gemu ni vivyo hivyo. Kuagizwa umtukane au umsumbue mtu fulani ili uonyeshe uaminifu kunaweza kukuingiza kwenye makosa yaliyomo katika Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na utakayeulizwa ni wewe uliyetuma.

Namba ya tapeli itumwe kwa SMS kwenda 15040. Kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, piga *106#. Mtoto anayesumbuliwa, au mtu mzima anayejua kwamba mtoto anasumbuliwa, apige 116 bila malipo, au afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, akiwa na picha za skrini za mazungumzo hayo kabla hayajafutwa.