Je, Wajua Kwa Nini Mateka wa Vita Walijenga Manowari kwa Mifupa ya Kitoweo?

Katika majumba ya makumbusho ya Uingereza, yakiwemo yale ya Greenwich na Peterborough, zimehifadhiwa merikebu ndogo za kivita zenye weupe wa maziwa, ambazo mtu akizitazama mara ya kwanza hudhani zimechongwa kwa pembe za ndovu. Hakuna kilichosahauliwa: milingoti mitatu, foromali zake (miti ya kutundikia matanga), kamba za uzi mwembamba, nanga, mashua zilizolazwa sitahani, na safu za mizinga ya shaba isiyozidi unene wa kijiti cha kiberiti. Hata hivyo, nyingi kati ya hizo hazina pembe hata kidogo. Ni mifupa ya ng'ombe na kondoo iliyotoka katika masufuria ya gereza, na waliozijenga ni mateka, wengi wao Wafaransa, waliokamatwa katika vita vilivyopiganwa kati ya Uingereza na Ufaransa kuanzia mwaka 1793 hadi 1815.

Ili kuelewa ilikuwaje hata mfungwa akapata muda wa kutengeneza kitu cha namna hiyo, ni lazima kwanza kuujua urefu wa kifungo chenyewe. Katika vita vya zamani ilikuwa desturi mateka wabadilishwe, mtu kwa mtu na cheo kwa cheo, kisha kila mmoja arudi kwao. Vita vilipoanza upya mwaka 1803, Napoleon aliamuru raia wa Uingereza waliokuwamo Ufaransa wazuiliwe, na tangu hapo maelewano ya kubadilishana mateka yakavunjika. Katika miaka 11 iliyofuata, zaidi ya mateka 100,000 walipelekwa Uingereza, na aliyekamatwa mapema aliweza kukaa huko hadi amani ya mwaka 1814. Wengine walitiwa katika manowari kuukuu zilizong'olewa milingoti na kufungwa bandarini Portsmouth, Plymouth na Chatham. Wengine walipelekwa Dartmoor, gereza la mawe lililofunguliwa mwaka 1809, au Norman Cross karibu na Peterborough, kambi ya majengo ya mbao iliyofunguliwa mwaka 1797, ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza duniani kujengwa makusudi kwa ajili ya mateka wa vita.

Maisha ya Norman Cross hayakuwa mepesi. Mateka wapatao 1,770 walifia hapo, wengi wao kwa maradhi ya kuambukiza. Lakini wakuu wa magereza waliruhusu jambo moja lililobadilisha mambo: mateka waliweza kutengeneza vitu kwa mikono yao na kuviuza sokoni, langoni mwa kambi. Palikuwa na mipaka. Kusuka ukili wa mabua kwa ajili ya kofia kulipigwa marufuku, kwa kuwa kuliwanyang'anya riziki wanavijiji wa Kiingereza waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo hiyo. Mfano wa merikebu haukumnyang'anya mtu yeyote riziki yake.

Malighafi ilikuwa karibu. Posho ya mateka ilikuwa na nyama, na nyama ina mifupa. Mifupa ilichemshwa, ikakwanguliwa mafuta na masalia ya nyama, ikaanikwa hadi ikawa myeupe, kisha ikapasuliwa kuwa vipande vyembamba. Mfupa una kasoro moja kubwa kwa fundi: ni mfupi. Hata muundi wa ng'ombe, ulio mnene na ulionyooka, hautoi kipande cha kufika kutoka omo, yaani mbele ya merikebu, hadi tezi, yaani nyuma yake. Lakini merikebu halisi nayo haikujengwa kwa ubao mmoja. Ubavu wake ni mbao nyingi zilizounganishwa. Kwa hiyo fundi alichonga kiwiliwili cha mti, akakivika vipande vya mfupa kimoja baada ya kingine, akavipigilia kwa vijiti vidogo vya shaba. Kwa kamba alitumia hariri, na mara nyingine nywele. Ukiangalia kwa makini, utaona vichwa vya vijiti hivyo vimejipanga ubavuni kama nukta.

Ujuzi nao ulikuwapo. Waliokamatwa hawakuwa askari wa kazi tu. Tangu mwaka 1798 Ufaransa iliwaandikisha vijana jeshini kwa sheria, na mabaharia wake waliorodheshwa kutoka pwani nzima, kwa hiyo ndani ya gereza walikutana maseremala, masonara, wavuvi na watengeneza saa. Mji wa Dieppe, ambao tangu zamani ulikuwa ukipokea pembe za ndovu kutoka Afrika Magharibi, ulikuwa na wachongaji mashuhuri. Aliyejua kuchonga pembe hakupata shida na mfupa.

Sasa, kwa nini manowari? Jibu jepesi ni kwamba baharia hujenga anachokijua, na ni kweli kiasi. Mimi naona jibu lenye uzito zaidi limesimama upande wa pili wa lango: mnunuzi. Mnunuzi alikuwa Mwingereza, na katika miaka hiyo Uingereza nzima ilizungumza habari za manowari zake, hasa baada ya kuzishinda merikebu za Ufaransa na Hispania huko Trafalgar tarehe 21 Oktoba 1805. (Neno letu lenyewe, manowari, limetokana na jina ambalo mabaharia wa Kiingereza waliziita merikebu hizo.) Ndiyo maana mifano kadhaa iliyojengwa na Wafaransa ina majina ya merikebu za adui yao, na ndiyo maana jina lililoandikwa tezini si ushahidi wa kutosha kwamba merikebu fulani ndiyo iliyoigwa. Mjenzi hakuwa na michoro. Alikuwa na kumbukumbu, na alikuwa na bidhaa ya kuuza. Milingoti mara nyingi ni mirefu kupita kiasi na sanamu ya omo ni kubwa kuliko inavyostahili, kwa sababu urefu na mapambo vilimvutia mpita njia. Na yule aliyefungwa ndani ya manowari isiyo na mlingoti hata mmoja, alikaa humo akiichonga nyingine yenye milingoti yote mitatu.

Kilichowafurahisha wanunuzi kuliko vyote kilikuwa mizinga. Katika mifano mingi, nyuzi zilipitishwa ndani ya kiwiliwili na ncha zake zikatokezwa nje. Ukizivuta, mizinga yote ya ubavu huingia ndani kwa pamoja, na ukiziachia, springi ndogo huisukuma itokeze tena katika matundu yake, kana kwamba merikebu inajiandaa kupiga.