Madoa ya Jua na Ziwa Victoria: Yanayosemwa na Yaliyotokea

“Madoa ya Jua yakizidi, ziwa hujaa.”

Dhana hii haikuzaliwa kijiweni. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C.E.P. Brooks, alilinganisha vipimo vya maziwa Victoria na Albert na hesabu za madoa ya Jua, yaani sehemu nyeusi zinazojitokeza usoni pa Jua, akaona vinapanda na kushuka pamoja. Kwa vipimo vya tangu 1896 hakukosea. Lakini miaka ya 1920 haijaisha, ziwa na Jua vikaachana, kila kimoja kikashika njia yake.

Madoa huongezeka na kupungua kwa mizunguko ya miaka kama 11, na mtihani mkubwa ulikuja na mzunguko wa 19, ulioanza 1954 na kwisha 1964. Tangu mizunguko ianze kupewa namba, wa kwanza ukiwa ule wa 1755, haujatokea wenye madoa mengi kuuzidi. Kilele chake kilikuwa Machi 1958. Je, Jinja na Entebbe, miji ya Uganda iliyo kando ya ziwa, zilifurika mwaka huo? Wapi! Ziwa lilingoja mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, madoa yakiwa tayari yanapungua, likapanda zaidi ya mita 2 na kufika juu kabisa 1964, mwaka ambao Jua lilikuwa karibu halina doa.

Mvua zile zililetwa na Bahari ya Hindi: maji ya upande wetu wa Afrika Mashariki yalipata joto kuliko ya upande wa Indonesia. Hali hiyo ilijirudia 2019, na Mei 2020 kipimo cha Jinja kikasoma karibu mita 13.4, mialo ikamezwa na maji. Madoa yalikuwa machache mno.

“Basi madoa yakipungua ndipo ziwa hujaa.”

Wapo walioigeuza dhana namna hiyo. Mwaka 2024 ziwa lilijaa tena, Jua likiwa kileleni.

“Mafuriko ya 1961 hadi 1964 yaliletwa na bwawa la Owen Falls.”

Bwawa hilo, ambalo leo ni Nalubaale, liko Jinja, Nile inapotoka ziwani, na lilifunguliwa 1954, mwaka uleule mzunguko ulipoanza, kwa hiyo ni rahisi kulishuku. Ila liliendeshwa kwa makubaliano ya kuachia maji kama ambavyo yangepita yenyewe kwenye maporomoko. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayolinyeshea moja kwa moja.

“Madoa ni meusi, kwa hiyo yakiwa mengi Jua hupoa.”

Kinyume chake. Sehemu angavu zinazoyazunguka hufidia na kuzidi, Jua likang’aa zaidi kwa asilimia 0.1 hivi.

“Basi hayatuhusu.”

Yanatuhusu, ila si kwa mvua. Uganda iko karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, na miaka ya madoa mengi anga la juu huchafuka baada ya magharibi, mawimbi ya setilaiti yakayumba. Anayepima viwanja kwa GPS na kutaka usahihi wa sentimita, amalize kazi kabla jua halijatua.